Bolti za Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Juni
Breki za tela zimeshika tena! Nimetoka getini na simenti, hata kona ya kwanza sijafika, magurudumu ya nyuma yanafuka moshi. Mpira wa ndani ya chemba ya breki umechanika, upepo unavuja — pssss — mchana kutwa. Msimamizi ananiambia eti nakanyaga breki hovyo. Mimi! Inajifunga yenyewe, bwana. Kinachobana gurudumu ni spring; upepo kazi yake ni kuizuia. Upepo ukiisha, spring inabana. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili hosi ya upepo ikipasuka tela isitukimbie.

Jumanne, 10 Juni
Nimeomba mpira mpya. Msimamizi akasema mzigo hausubiri mpira, akamwambia fundi mkuu atafute dawa. Fundi mkuu ndiye baba mkwe wangu — bahati yangu hiyo. Mzee akaingiza bolti ndefu nyuma ya kila chemba, akakaza mpaka spring zote zikavutwa nyuma, zikafungiwa humo humo. Tela ikateleza kama toroli. "Haya mwanangu, haishiki tena."

Haishiki tena! Hata upepo ukiisha mteremkoni haitashika! Nilitaka kupiga kelele. Nikasema, "Asante, baba." Nimejichukia mpaka sasa.

Jumatano, 11 Juni
Mama watoto hataki kusikia. Baba yake ametengeneza breki tangu yeye hajazaliwa, nisimvunjie heshima. Heshima itasimamisha tani thelathini? Amenuna. Na mimi nimenuna.

Alhamisi, 12 Juni
Asubuhi nimepiga moyo konde. Nikamwambia mzee, kwa adabu zote: baba, zitoe hizo bolti, la sivyo siendeshi. Bahati mbaya mafundi wenzake walikuwepo. Kila mtu akaangalia viatu vyake. Mzee akanawa mikono taratibu, akapanda kiti cha abiria. "Kama kazi yangu huiamini, twende wote."

Ningefanyaje? Nimburure mkwe wangu chini mbele za watu? Nikawasha gari.

Sasa tuko mwanzo wa mteremko mkubwa. Nimesimama. Nikavuta kitufe chekundu, kinachokata upepo wa tela, nikaachia breki ya mguu. Pssss! Upepo ukatoka — na tela ikatusukuma. Tukasogea! Nikavuta cha njano haraka, breki za kichwa cha lori zikashika. Kichwa peke yake kimebeba mzigo wote, kinalia kama mlango mbovu.

Mzee ameona. Anatazama bonde tu. Nimezima injini, naandika juu ya usukani. Siteremki. Aseme yeye kwamba bolti zitoke!

Simu yake imeita. Msimamizi, anauliza tumefika wapi.

"Ndiyo, bosi. Tunateremka sasa hivi."

Sauti yake haitetemeki hata kidogo. Ila mkono wake wa pili umeshika kitasa cha mlango.