Marashi Yako na Nyuki ba Bakwe

Yaya Furaha, dada yangu mukubwa,

Uvira munaendeleaje? Mi huku Fizi niko muzima kabisa, isipokuwa uso, wenye umeumuka kama mukate.

Asante sana kwa yale marashi, eti bakwe basituone bamaskini. Nilijipaka nusu chupa. Baba ya muchumba wangu Asende alinipeleka kuvuna asali, maana kwake mukwe anapimwa kwenye mizinga, hapana kwa diplome. Akaninusa, akauliza: "Mutoto wangu, unaenda ku harusi ao kwa nyuki?" Nikacheka kama muntu mwenye akili. Nyuki habakucheka.

Nilikimbia, nabo nyuma yangu, mpaka kwenye bashangazi ba Asende balikuwa bameketi kuzungumza kama ninafaa kuoa kwao. Mazungumuzo iliisha mbio sana. Hata sahani ya sombe yenye balikuwa banakula ilibaki pale peke yake.

Basi nimepata somo kubwa la maisha: nyuki hana habari na marashi ya bei kali.

Kisha Asende aliniketisha jikoni karibu na moto, akaanza kunitoa miiba usoni kwa kucha. Nilikuwa nangojea tu aniambie nirudi kwetu. Akaninusa shingo, akasema: "Sasa unanuka moshi kama baba. Kesho asubuhi anakungoja kwenye mizinga."

Chupa yenye ilibaki nitakurudishia, iko na nguvu, nyuki bameshuhudia. Umukumbatie mama kwa ajili yangu. Umwambie siku nitafika, anitambue kwa sauti.

Mudogo wako mwenye anakupenda hata hivyo,
Mulonda