Nitampulizia Sabina Togwa

Kigera, Musoma

Mdogo wangu Wakuru,

Nakuamkia kabla hujaniamkia, ingawa mkubwa ni mimi, maana leo nina furaha na furaha haina adabu. Goti lako likoje? Yule ng'ombe mwekundu amezaa au bado anatudanganya? Mimi mzima. Nasema mzima na usikunje uso: mikono haitetemeki tena, chakula kinapita, nimenenepa mpaka binti yangu Rhobi kanifumulia gauni pembeni. Anayeniandikia ni jirani yetu Mama Neema, kwa sababu mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe. Ningepiga simu, ila simu ungenikatia.

Unajua nilivyoondoka huko Nyamuswa. Nilianguka msibani kwa shemeji, nimelewa gongo saa nne asubuhi, mkanirudisha nyumbani kwa toroli la mchanga, watoto nyuma wanaimba. Rhobi alikuja kunichukua. Tulipopita Butiama akasema, "Mama, sikupeleki mjini kukuficha. Nakupeleka upone." Wiki ya kwanza nililala hospitali, naona siafu ukutani ambao hawakuwepo, manesi wananipa dawa. Siku ya kutoka, nesi mmoja akanielekeza kwenye kikundi cha watu walioacha pombe. Wanakutana kila Jumanne chumba cha nyuma ya kanisa, hapa hapa Kigera, na Mama Neema ni mmoja wao.

Siku ya kwanza akasimama baba mzima, shati limenyooshwa, akataja jina lake na kusema yeye ni mlevi. Nikamwambia akae chini, mtu hajitukani mbele ya watu mchana kweupe. Walicheka mpaka machozi. Zamu yangu ilipofika nikasema mimi sio mlevi, nakunywaga tu. Hapo hakuna aliyecheka. Walinitazama kama unavyomtazama ndugu yako akishuka kwenye basi. Wakuru, nimekaa vikao vingi, sijawahi kutazamwa hivyo.

Kisha mwenyekiti akasema nitapewa mwenzi. Nikachukua kanga yangu niondoke. Nikawaambia nimekaa ujane miaka yote hii bila kupungukiwa, sikuja kutafutiwa mume. Kumbe mwenzi ni mtu wa kumpigia simu kiu ikikushika. Nikapewa Mwita, fundi pikipiki wa mtaa wa Iringo, umri wake kama wa wajukuu zangu, na ameacha pombe mwaka wa pili sasa.

Sasa sikia. Siku ile uliponipigia kwamba mjukuu wangu Sabina anaolewa, umeshaloweka ulezi, na mimi bibi mzaa baba ndiye wa kuchota pombe ya kwanza mdomoni nimpulizie kifuani kumbariki, nilijibu ndiyo. Nilipokata simu mdomo ukajaa mate. Miguu ikanipeleka yenyewe mpaka Iringo, kwa mama mmoja ninayemjua anayeuza gongo. Nilipoiona kona yake nikampigia Mwita. Nusu yangu ilitaka asipokee.

Alikuja na grisi mpaka viwikoni, ameacha injini ya watu wazi. Tukakaa kwenye benchi la mama ntilie, tukaagiza chai na maandazi. Kikombe cha kwanza kikaisha. Nikamwambia kama amekuja kunizuia arudi kwenye pikipiki zake.

"Bibi, sikuja kukuzuia," akasema. "Tangu asubuhi na mimi nina kiu, nikaona aibu kumpigia mtu. Wewe ndiye umenipigia."

Wakuru, mimi! Mimi niliyebebwa kwa toroli, nimemsaidia mtu asinywe! Nilikula maandazi manne. Tulikaa pale mpaka kiu ikachoka yenyewe, kila mtu akarudi kwake mzima, na mpaka leo, wiki ya saba tangu hospitali, sijaonja.

Jumanne nikawaeleza wenzangu habari ya kupuliza. Wakabishana kweli. Mwisho Mama Neema akaniuliza, baraka iko kwenye pombe au kwenye mdomo wa bibi? Nikampigia Sabina mwenyewe. Akasema, "Bibi, hata ukinitemea mate matupu. Ila uje ukiwa macho. Nataka siku hiyo uikumbuke."

Basi fanya hivi. Pombe ya wageni pika, sikatazi. Lakini kwenye kibuyu changu weka togwa isiyolevya, ya asubuhi hiyo hiyo, isilale. Mimi na wewe tunajua togwa iliyolala inakuwa nini. Wazee wakisema jambo hilo halijawahi kutokea, waambie Nyangi kuwa macho kwenye harusi nako hakujawahi kutokea.

Nakuja na Mwita, atakaa kulia kwangu. Wakiuliza ni nani, sema ni mwenzi wangu, uwaache wahangaike.

Msalimie shemeji yangu mume wako, na mwanangu Masatu, baba wa bibi harusi, umwambie asinione haya, nakuja na viatu vyote viwili. Msalimie na yule mchungaji aliyeniombea nikiwa nimelala mtaroni. Mwambie ombi lilichelewa, ila limefika.

Na wewe ukae kushoto kwangu, usiondoke kwenda jikoni. Najua mtaweka chungu cha pombe katikati na mirija itazunguka kama kawaida. Mimi ndiye niliyekupa mrija wa kwanza ukiwa msichana, hilo nalijua, na tutaliongea. Siku hiyo ukiona nimeshika mrija, nipokonye mbele ya watu wote. Nitakutukana, Wakuru. Nitataja na mambo ya zamani. Wewe nipokonye tu.

Dada yako anayekupenda kwa ukali,
Nyangi