Ndiyo ya Mlangoni

Observatory, Johannesburg

Mjukuu wangu Amani,

Salamu zikufikie huko Marekani. Sisi tu wazima. Tangu wageni wa Kombe la Dunia waondoke, mjomba wako hana nguo nyingi za kushona pale Fordsburg. Mdogo wako Neema nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kizulu, tunacheka.

Umeniuliza utajuaje kama majirani wataupigia kura mkopo wa kujengea shule, maana kila mlango unaobisha hodi kuwaombea kura wanakuambia ndiyo.

Nilipokuwa msichana kule Kigoma, mwenyekiti wa kijiji alinituma nyumba kwa nyumba kuuliza kama watu wangekubali kujenga shule ng'ambo ya mto. Walinikaribisha, wakanipa maji, wakasema, "Tunakubali, binti." Mjane mmoja tu, Mama Zuhura, alikataa. Niliudhika, lakini nikamuuliza sababu.

"Masika mto unajaa," akasema. "Ulishamchukua mwanangu wa kwanza. Huyu wa pili nitamvushaje?"

Siku ya mkutano mwenyekiti aliomba mikono. Ikainuka michache, na wale walioniambia ndiyo wakatazama chini. Nikasimama, nikaeleza maneno ya Mama Zuhura. Kisha mzee mmoja akasema, "Basi ijengwe upande huu." Mikono ikainuka, wa Mama Zuhura ukiwa wa kwanza.

Nadhani wengi husema ndiyo kwa kumheshimu mgeni aliye mlangoni. Atakayekukatalia, omba kiti ukae naye kidogo.

Vaa koti zito, baba.

Bibi yako