Bahari ya Moanda Ndani ya Nyumba

Kalemie, mwezi wa Agosti 1979

Kwa mutoto wangu Urbain,

Ku biro wanakuita jina lingine siku hizi, tangu serikali ilipokataza majina ya ubatizo, lakini mimi ninaandika lile mama yako alilokuchagulia. Pokea salamu za baba yako. Uko muzima? Muke wako na watoto hawajambo? Huku upepo wa kusini unapiga sana, ziwa limechafuka, mitumbwi imelala muchangani. Mimi niko na nguvu zangu. Dada yako Odile anakusalimia. Habari ya mama yako nitakupa mbele. Unisome polepole, maana ninaandika kwa mukono wangu mwenyewe, na mukono huu ulizoea kasia.

Kwanza nikuambie, bahari yako ilifika. Mama Adolphine, mutawa wa parokia, aliibeba kwa ndege mpaka Lubumbashi, kisha kwa treni mpaka huku: bidon za maji ya chumvi, chungu cha matope, mizizi ya miti ya kwenu, kaa, na wale samaki wadogo wenye kutembea juu ya matope. Watu ku gare walijaa kuona. Wengine walisema samaki hawawezi kupona safari ile. Niliwajibu kwamba hao wametoka kwa mutoto wa Germain, hawafi ovyo.

Najua utashangaa nilikubali kitu chako mu nyumba yangu. Siku ulipoacha mutumbwi wangu ukafuata meli za Moanda, nilisema hautakanyaga mulango wangu mpaka nikuite mwenyewe. Tangu siku ile mama yako hakuchoka kuniomba nikuite. Nikakataa. Alipoanza kuugua, akasema anataka basi aone maji ambayo mutoto wake anaishi pembeni yake, akamutuma Mama Adolphine kwako. Mimi nikaona njia. Kama ni bahari anataka, nitamuwekea bahari mu nyumba, na maneno ya kukuita yataisha.

Nilichukua vioo vya kabati la duka la yule Mugiriki aliyeondoka. Nikaunga kona kwa pamba na gudron, ile lami nyeusi, kama ninavyoziba mutumbwi, na unajua mutumbwi wangu hauingizi maji. Fundi Isidore alipita akaniuliza kama ninatengeneza jeneza la vioo. Nikamuambia aende kupigilia viti vyake vyenye kuyumba. Upande mumoja nikapandisha matope kama mulima, nikasimamisha ile mizizi, upande mwingine nikamwaga maji. Sanduku lile halikuvuja hata tone. Waulize watu wote wa muji.

Tulisogeza kitanda cha mama yako karibu. Samaki mumoja alipanda juu ya muzizi, akakaa pale na yale macho yao ya juu ya kichwa, anatazama mulango. Mama yako akacheka mpaka akakohoa. Akasema ni Urbain kabisa, siku zile alipojificha asiende katekisimu. Kutoka siku ile alimuita Urbain, anamusalimia asubuhi mbele ya kunisalimia mimi. Watu walikuja kisha ya misa, nikawaeleza pahali muto mukubwa unapoingilia bahari, nikaeleza vizuri kama mutu aliyezaliwa kule.

Sasa, maji yakaanza kupunguka, maana jua la kiangazi linayakausha. Mama Adolphine alikuja na maneno yako, kwamba niongeze maji matamu peke yake, kwa sababu maji yanakwenda lakini chumvi inabaki. Nilimuuliza nani atanifundisha chumvi, mimi niliyetia samaki wa mikebuka mu mapipa ya chumvi tangu wakati wa Wabelgiji. Mu pipa, maji ya chumvi yakipunguka, unaongeza maji ya chumvi. Nikachanganya chumvi ya Uvinza, ile nzuri ya kutoka Kigoma, nikamwaga. Yakapunguka, nikamwaga tena. Mama Adolphine alinikataza, nikamuonyesha mulango.

Samaki wakaacha kupanda. Wakalala pembeni ya matope, ngozi imekauka, wakafa mumoja mumoja. Yule wa mama yako alikufa wa mwisho. Kaa mumoja tu alibaki.

Mama yako hakunigombeza. Afazali angenigombeza. Aliniambia: "Germain, hata huyu umemufukuza. Sasa ita mutoto." Nikamujibu kwamba nitafikiri. Urbain, nilikwisha kufikiri pale pale nilipokuwa nimesimama. Lakini nilisema nitafikiri, nikatoka kwenda kutazama nyavu ambazo hazikuwa na kazi.

Mama yako amekufa. Alikufa asubuhi, Odile anamunywesha uji, mimi niko inje na nyavu. Tulimuzika kule Mpala, karibu na mama yake, kama alivyotaka. Walitaka kukutumia habari kwa fonie, ile redio ya kusemea ya parokia. Nikakataza. Nilisema mutoto ni wangu, nitamuandikia mimi. Kisha karatasi ikakaa mezani nyeupe, ninaizunguka kama mutu anayeogopa mbwa.

Wajomba zako wanataka kumaliza matanga. Wanasema si vizuri marehemu akae hivi, watu wamechoka, nguo nyeusi zimeanza kupauka. Nimekataa. Nimewaambia matanga ya Elisabeth hayatamalizika mpaka mutoto wake wa kwanza aketi hapa. Wananiita kichwa kigumu. Waniite. Unanijua nikikataa.

Kaa ni muzima. Siku hizi ninamuongezea maji matamu peke yake, asubuhi, kama ulivyosema. Kitanda sijakiondoa pale.

Mama Adolphine atakupa barua hii mukononi. Salimia muke wako, uwabebe watoto uje nao, Odile amefagia chumba. Ukipata nafasi ulete bidon ya maji ya kwenu. Ukikosa, uje mikono mitupu.

Ninakuita.

Ni mimi baba yako,
Germain, muvuvi wa Kalemie