Motoka Yenye Ilikula Mali Yangu

Lundi, 2/6
Baridi. Nilimufunga Neema mu mugongo na bitambaa mbili, tukaenda tena na baba yake kuangalia motoka ku depo ya bauzaji, hapa mutaa Bel-Air. Siku hizi ni hiyo tu kazi yetu. Kuangalia motoka ya bantu, kurudia nyumba.
Tunatafuta hybride, motoka ya mafuta na batri. Baba Neema anabeba bantu ku barabara ya Kolwezi, kwenda na kurudia, kila siku isipokuwa siku ya Mungu. Motoka yenye anaendesha ni ya patron. Mangaribi anamupelekea patron versement, franga yake ya kila siku, anatia mafuta, yenye inabaki ni unga na sabuni. Hybride inakula mafuta kidogo. Sijui mambo ya batri, miye. Lakini niko na tumaini.

Mercredi, 4/6
Tumeona mbili zenye tunaweza.
Moja rangi ya majivu. Bei ya chini. Kilométrage, namba ya njia yenye ilitembea, kidogo, kama motoka ya padri. Lakini biti byote bya kuikala bimepasuka. Baba Neema alisema: "Papa, hii ilitembea kidogo lakini ilikaliwa sana." Muuzaji, papa moja wa Kasai, akajibu bila kucheka: "Mwanangu, pengine balikuwa banaikala ndani, banasikiliza muziki." Kila muntu anajua kama banarudishaka ile namba nyuma.
Jado, fundi rafiki yetu, aliiacha inasimama, inanguruma. Moteri iliwaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Alisema batri imechoka, haishike umeme. Mu muji itakusaidia. Ku njia ya Kolwezi itakuacha mu pori na bantu yako.
Ya pili nyeupe. Ilitembea sana na haifiche. Lakini batri ilibadilishwa, iko na nguvu. Bei yake inamaliza kila kitu.
Kila kitu, ni kusema mali yangu.

Samedi, 7/6
Niandike wazi. Ile franga ni ya mali ya ndoa, mahari yangu. Naikala mu nyumba ya Baba Neema, nimemuzalia mutoto, na kwetu habajapata hata kuku. Tata yangu, mwenye alinizaa, alitumika mu reli mpaka pensheni, anaikala Makomeno. Hajaweka mguu hapa. Kwake, muzazi haingie mu nyumba ya muntu asiyelipa mali. Neema anamuona tu nikimupeleka kule.
Siku ya kuilipa ilishawekwa, tarehe 15. Bajomba wa kabila yetu baliitwa toka Kongolo, kaskazini.
Tukikamata ya majivu, mali inabaki, tata anapata heshima yake. Kisha motoka inakufa na tunarudia kwa patron. Tukikamata nyeupe, tunakula, tata anabaki na haya.
Baba Neema aliniangalia tu. Ni miye nilisema, "Kamata nyeupe." Miye mwenyewe. Naiandika hapa ili siku moja nisije nikasema ni yeye.

Mardi, 10/6
Nyeupe iko mu lupango, mbele ya nyumba. Inatoka kimya kama paka. Baba Neema anaiosha akiimba. Miye siwezi kuiangalia sana.
Nilienda Makomeno kumuambia tata. Nilimukuta anapiga pasi koti yake ya tarehe 15, makala inawaka mu pasi. Aliniuliza upande ya Baba Neema batakuya bantu ngapi, juu atafute biti kwa majirani. Nikasema sijui.
Nikaikala. Nikanyonyesha. Nikarudia.
Sikusema. Niko muoga. Mutoto muoga na mubaya.

Vendredi, 13/6
Baba Neema alienda mwenyewe, na ndugu yake mukubwa, kuomba musamaha na siku ingine. Balibeba pombe na sukari, juu muntu haende kwa mukwe mikono mitupu. Tata alibasikiliza mpaka mwisho. Pombe hakuikamata. Alibaambia: "Sijakasirika. Lakini bajomba bake bako mu treni."
Ni hiyo tu. Muntu akishapanda ile treni ya kaskazini hakuna wa kumurudisha. Tata anajua kuliko kila muntu. Na miye nilijua tangu mardi kama mali haiko, nikanyamaza.

Dimanche, 15/6
Bajomba balifika jana, bamechoka, na vumbi mu nywele. Leo balivaa nguo ya sherehe. Balikula chakula ya tata, balingoja bantu ya Baba Neema, habakuya, kisha balivua. Shangazi yangu alinitumia sauti mu telefone: "Bon, mama, umeolewa na motoka. Muzuri. Ikuzalie mutoto wa pili." Niliisikiliza, nikaisikiliza tena. Sijui juu ya nini.
Misa sikuenda. Baba Neema alipiga Kolwezi hata leo, anasema tuanze kutafuta mali tena kutoka leo. Mangaribi alinipa franga. Ni kweli inabaki zaidi ya zamani. Motoka haidanganye. Niliitia mu kopo na sikufurahi.

Jeudi, 26/6
Baba Neema aliniambia akiwa anakula, polepole, bila kuniangalia.
Leo asubuhi tata alifika ku parking. Alikuwa anaenda kilio, kuzika muntu, Likasi, ku njia ya Kolwezi. Motoka ilikuwa mingi pale, banamuita kila upande, "Papa, Likasi, panda!" Alikuya mu nyeupe. Baba Neema alishuka, akainama, akamufungulia mulango ya mbele. Tata akaikala nyuma, katikati ya mama moja wa mboga na mwanafunzi.
Njia yote aliinamisha kichwa, kama anasikiliza moteri.
Ku Likasi alitoa franga ya njia, kamili, kama kila muntu. Baba Neema akakatala. Tata akamuambia, kama anaambia dereva yeyote: "Kamata, chauffeur. Siwezi kupanda bure mu motoka ya muntu mwenye hatujajuana." Alifunga mulango taratibu. Kisha akainama ku dirisha: "Batri yake iko muzuri. Mu mulima haikuchoka."
Akaenda.
Franga yenye tunatafutia mali iko mu kopo. Hii ya tata sikuitia ndani. Hatuwezi kumulipa na franga yake mwenyewe. Iko juu ya meza. Tulikula kando yake.