Usukani Mzito wa Alfajiri

Ijumaa, Julai 1955. Bagamoyo.

Kipupwe kimekaza. Asubuhi nilitoka nje na shuka juu ya koti, na bado meno yaligongana. Sasa magharibi imepita, nimekaa barazani na karatasi hii, na kila nikiandika mstari nainuka kwenda kulitazama gari, kana kwamba litaniambia kitu.

Halisemi.

Nieleze tangu mwanzo, labda moyo utatulia. Mimi ni dereva wa Bwana Nasoro, mkamua mafuta ya nazi wa hapa mjini. Gari lenyewe ni lile la zamani la jeshi, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na kuliendesha ndiyo kazi pekee ninayoijua. Watu wa Fukayosi na Lugoba hawana habari kwamba naitwa Salehe. Wananiita Dereva. Hata mke wangu Mwanahawa, akikasirika, husema, "Haya, Dereva," na hapo najua chakula cha jioni nitajipakulia mwenyewe.

Tangu baridi ianze, usukani umekuwa mzito alfajiri. Kuuzungusha ni kama kumvuta mbuzi asiyetaka kuvuka maji. Jua likipanda, unalainika. Ubaya ni kwamba bega langu la kulia nalo lina tabia hiyo hiyo: alfajiri limekakamaa, adhuhuri limepona. Mwanahawa hunikanda kwa mafuta ya nazi kila nikiamka, ndipo mkono unyanyuke.

Basi mgonjwa nani, gari au mimi?

Nilianza na gari, maana mtu hupenda kumlaumu asiyejibu. Nilijaza tairi upepo, nikapaka grisi kila kiungo cha mbele, nikaliinua kwa jeki na kuyazungusha magurudumu. Yalizunguka vizuri. Lakini kazi zote hizo nilizifanya mchana, na mchana usukani haujawahi kunigomea.

Jumatatu yakanifika. Tulikuwa tunakaribia Fukayosi, ndiyo kwanza kunapambazuka, Bwana Nasoro yuko pembeni yangu. Kona ikaja, nikavuta usukani kwa nguvu zangu zote, na gari likaenda moja kwa moja. Tuliingia katikati ya shamba la muhogo la bibi mmoja. Alikuwa amesimama na jembe lake, wala hakukimbia.

"Wanangu," alisema, "hodi hamkupiga, na shikamoo pia hakuna?"

Tukashuka wote wawili, Bwana Nasoro na kanzu yake, tukamwamkia kama watoto wa chuo cha Kurani. Akaitikia marahaba, ndipo akaturuhusu tuliondoe gari. Njia nzima ya kurudi Bwana Nasoro alikuwa akiutazama mkono wangu juu ya usukani.

Jumatano akamwita Shomari, mdogo wake Mwanahawa, akampa gari ajaribu. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi. Shomari akaligeuza uwanjani kwa mkono mmoja, mwingine ameuning'iniza dirishani. Nilitamani ardhi ipasuke. Shomari si mtu mbaya. Aliposhuka hakuweza hata kunitazama usoni. Bwana Nasoro akanishika bega, lile lile bovu, akasema kwa upole, "Salehe, umri hauna mchezo. Jumamosi alfajiri twende Lugoba, uendeshe wewe. Ukishindwa, utakaa nami kiwandani upime mafuta. Kwangu huondoki."

Upole ule ndio ulioniuma. Angenifokea, ningelala.

Leo alfajiri Mwanahawa alichukua ile chupa ya mafuta, iliyosahauliwa nje usiku kucha, anikande, akaipindua juu ya kiganja. Hakikutoka kitu. Mafuta yameganda, meupe pee. Akaiweka karibu na makaa ya seredani, akasema, "Ngoja yapate moto, nayo yamezeeka kama wewe." Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Nilikumbuka kwamba wakati wa masika nililala na homa. Mito ilifurika, njia ya Dar es Salaam ikakatika, na gari lilikuwa limeishiwa mafuta mazito katika sanduku la usukani. Nilipopona, Bwana Nasoro alinisimulia kwa fahari kwamba amelijaza mwenyewe kwa mafuta yake bora ya nazi. "Yanaliwa na binadamu," alisema, "yatadhuru chuma?" Na kwa kweli siku zile za joto usukani ulikuwa mwepesi, nikamsifu. Njia ilipofunguka, hakuna aliyekumbuka kuyabadili.

Sikungoja kukandwa. Nilikwenda uwanjani na shuka langu, nikafungua kifuniko cha sanduku, nikatia kidole. Kikatoka kimepakaa mafuta yaliyoganda, yananuka nazi iliyochacha.

Nimeshinda na kazi hiyo hadi adhana ya Ijumaa, nikairudia baada ya sala. Nimekwangua, nimesuuza kwa mafuta ya taa, nimekausha, nimejaza mafuta mazito niliyopewa na jirani mwenye lori. Shomari alipita, akavua shati, akanisaidia bila kuombwa. Tulipomaliza nikauzungusha usukani. Mwepesi. Lakini ilikuwa alasiri, na alasiri huwa mwepesi siku zote.

"Kesho utaendesha wewe, shemeji," alisema Shomari. Nikamwambia alale mapema, asije akahitajika.

Bwana Nasoro sijamwambia. Kuyasema vibaya mafuta yake ni sawa na kumsema mama yake, na usukani ukibaki mzito nitakuwa nimemtukana bure. Ukiwa mwepesi nitamwambia njiani, taratibu, tukishapita Fukayosi na kumwamkia yule bibi.

Naogopa. Wiki nzima nimeomba ugonjwa uwe wa gari. Sasa gari nimeshalitengeneza, na sina tena wa kumsingizia. Usukani ukigoma kesho, basi ni bega, na nitampa Shomari ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe kabla sijaambiwa. Nitakaa kiwandani ninuke mbata, nazi kavu za kukamuliwa, na watu wa Lugoba watamwita mwingine kwa jina langu.

Mwanahawa alikuwa ameiweka chupa karibu na seredani ili mafuta yasigande tena. Nimeinuka, nimeitoa nje kwenye baridi. Ameniuliza nimeingiwa na nini. Nimemwambia kesho asinikande. Nataka kuushika usukani ule na bega langu kama lilivyo, nijue moja.

Amenifunika shuka mabegani.

"Haya, Dereva," amesema.

Wala hakuwa amekasirika.