Shiro, Sasa Anafuata Mashua Yako

Shiro rafiki yangu,

Jumamosi nilimvuta Kapteni kwa kamba, kwa mashua yako, kutoka katikati ya ziwa mpaka kwenye gati. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa na askari. Nilifurahi, Shiro. Tangu tukuzike nimekaa kanisani nikiambiwa nisamehe, na nimeitikia amina pamoja na wengine, lakini moyoni sijasamehe hata kidogo. Sasa tulia nikueleze.

Klabu bado iko. Jumamosi moja kila mwezi tunakutana Naivasha, wale walimu, watu wa maduka, daktari wa meno na mabinti zake, kila mtu na mashua yake. Tunavuka kwa kikundi, tunakula ng'ambo, tunarudi kabla upepo wa alasiri haujaanza fujo. Mimi bado nauza dawa za mifugo Nakuru mjini, na siku hiyo bado nafunga duka wateja wanune wakitaka. Kilichobadilika ni kwamba usukani wa mashua yako, Haraka ya Nini, sasa naushika mimi. Ndoo ya kutolea maji ni ile ile yako ya maziwa.

Mamako ndiye alinipa. Nilimkuta Subukia, mashua iko juu ya trela kando ya zizi, pale ulipokuwa ukiipaka rangi majirani wakiuliza kama unangojea Subukia ifurike. Akaniambia, "Ichukue, mwanangu. Siwezi kukama ng'ombe nikiiangalia." Fundi alitaka kunitolea hiyo injini yako ya kukohoa aniwekee ya nguvu. Nikamwambia akiigusa tutakosana vibaya.

Unakumbuka ulivyowaweza siku ile klabu ilipoanza? Walitaka mashua za kasi zitangulie. Ukasimama na kikombe cha chai mkononi ukasema, "Wa polepole atangulie, na hakuna kumpita. Ama mnataka kutembea na nani?" Wakacheka, wakakubali. Basi tukawa mbele miaka yote, mimi na wewe. Ukiona tai juu ya ile miti iliyokauka majini, unazima injini umtazame, na nyuma yetu msururu mzima unangoja, watu wanamimina chai. Sijawahi kuwa mkubwa mahali popote isipokuwa hapo.

Halafu huyu anayejiita Kapteni akanunua mashua yake ya injini mbili. Asubuhi ile akasimama kwenye gati na miwani yake ya jua. "Leo tuwe free bana. Kila mtu na speed yake, tupatane ng'ambo." Wewe ulikuwa umebeba sufuria ya pilau ya watu wote, na gunia la makaa limekaa kwenye kiti changu. Ukanifukuza niingie kwa mashua ya Kapteni, ukicheka, "Nenda upande ya wadosi, Chep, utanisimulia." Kisha ukamgeukia. Nilikuwa nimesimama hapo hapo nikisikia. Ulimwambia, "Sawa, lakini mningojee kwa ile miti."

Hakungoja. Tulipoifikia miti nilimshika bega nikamwambia asimame. "Relax, madam. Shiro ni mtu mzima, atakuja tu." Nikapiga kelele. Akaongeza muziki. Ng'ambo wakatandika mikeka, na baada ya muda wakaanza kunung'unika kwamba unawaua na njaa. Shiro, walikuwa wanaulizia pilau. Upepo ukaja, na baada ya upepo wakaja wavuvi na habari. Magugu yalikuwa yameshika propela yako na mawimbi yakaijaza mashua. Walikukuta kando ya mafunjo.

Hata hapo labda ningemwacha na Mungu wake. Lakini kwa mazishi yako alichukua kipaza sauti. Akasema wewe ulikuwa mtu wa kujitegemea, kwamba ulituambia tutangulie, na kwa bahati mbaya ulikuwa umevua jaketi la kuelea. Jaketi! Uliinama kukata magugu na jaketi halikuruhusu kuinama, siku zote ulilivua, na siku zote mimi ndiye nilikushika mshipi ukiinama. Nikasimama niseme. Wazee wakaniketisha, eti kaburini si mahali pa kesi. Nikamwangalia mamako, anatikisa kichwa, anakubali. Mpaka leo mama anaamini uliomba kuachwa. Hiyo ndiyo imekataa kushuka kooni.

Kwa hivyo kwa mkutano mkuu nilivaa ile sweta yako ya kijani, nikaomba ile sheria yako irudishwe. Mikono ikainuka yote. Na wake pia, maana watu walikuwa wanamwangalia. Hakuwa amefikiria mashua ya polepole kuliko zote ni ya nani, na inaendeshwa na nani.

Nimeandika SHIRO kwa nyuma, herufi kubwa, rangi nyeupe, aisome hata na miwani yake. Ameisoma kila mwezi, kwenda na kurudi. Injini zake hazipendi mwendo wa pole, zinakohoa kuliko yako, na wageni wake wamehamia mashua nyingine kwa sababu ya moshi. Siku moja alinifuata kwenye gati, mpole sana. "Chep, si uongeze kidogo tu?" Nikamwambia injini ni ya marehemu, ina heshima zake. Siku hiyo nilizima kwa miti kutazama tai, na hakukuwa na tai.

Sasa Jumamosi. Tulikuwa tunarudi, upepo umeanza kuinua maji. Nikasikia filimbi nyuma. Magugu yalikuwa yamemshika, injini zote mbili kimya, yuko peke yake, anasukumwa kuelekea mafunjo wanakolala viboko. Nikasimama, na msururu wote ukasimama, maana sheria ni hakuna kunipita. Nikageuza nikamkaribia, kamba mkononi. Daktari wa meno na wengine walikuwa karibu wakisikia kila neno.

"Tupa kamba, Chep."

"Asubuhi ile Shiro alisema nini?"

Akaangalia watu. Akaangalia mafunjo. Sikutikisika, Shiro. Mikono yangu ilikuwa imetulia kuliko siku zote, na nilijua kabisa ninachofanya.

"Alisema tumngojee kwa miti."

"Na wewe?"

"Nilisema atakuja tu." Halafu akaanza kulia. Simcheki kwa hilo, lakini pia halikunigusa. Nikamtupia kamba. Isikudanganye, haikuwa huruma. Maiti haiwezi kufika Subukia ikasema ukweli.

Tulimvuta polepole, kwa injini yako ya kukohoa, na nilichukua ile njia ndefu. Wavuvi kwenye ufuko walisimama wakatazama chombo cha injini mbili kikivutwa na boti ya mbao iliyofungwa ndoo ya maziwa. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mathe, umeshika samaki gani huyo?" Wewe ungecheka mpaka ukohoe.

Jumamosi hii nampeleka kwa mamako. Amekubali, mbele ya watu. Atasimama uani, karibu na zizi, na aseme maneno yako yote mawili matatu jinsi ulivyoyasema, kabla hajapewa kiti wala chai. Mama akitaka kumsamehe, ni wake. Mimi sijamsamehe, na usiniombe.

Akibadili nia asifike, ziwa bado liko, na sheria bado iko. Nakuahidi sitaiuza mashua hii wala sitabadilisha injini. Lala, Shiro. Kila mwezi nitatoka nikiwa mbele, polepole, na yeye atakuwa nyuma yangu akisoma jina lako.

Ni mimi wako,
Chep